Je, Wajua? Mijusi Wadogo wa Jua Kali

Je, wajua kuna mjusi anayeishi jangwani na baharini kwa wakati mmoja? Umesikia sawasawa, mwenzangu. Ni mjusi wa mwambani, mwembamba, sentimita 12 hivi kutoka pua hadi ncha ya mkia, na makao yake ni majabali ya matumbawe ya pwani yetu hii, pale jua linapochoma kutoka juu na chumvi inapopiga kutoka chini.

Utaniuliza, jangwa gani hilo lililo hatua mbili kutoka majini? Basi vua kandambili saa saba mchana ukanyage lile jabali, uone kama utafika hatua ya tatu! Hakuna udongo, hakuna kivuli ila kwenye nyufa. Bahari nzima iko mbele yake na haimpi tone la maji matamu.

Njoo umtazame kwa karibu. Subiri maji yakupwe, hasa wakati wa bamvua, mwamba unapobaki wazi mpaka mbali, kisha kaa kimya. Kwanza utaona kichwa tu kwenye ufa, cheusi chenye wekundu wa shaba. Halafu mwili wote unatoka, magamba yanang'aa utadhani umepakwa mafuta ya nazi, na mistari miwili hafifu inateremka kutoka juu ya macho hadi kiunoni. Anakimbia shubiri mbili, anasimama, anaonja mwamba kwa ulimi, anakimbia tena. Anayafuata maji yanavyoteremka!

Anafuata nini huko? Wadudu, kaa wachanga, na hata visamaki vilivyokwama kwenye vidimbwi. Naam, mjusi mvuvi, asiye na wavu wala ndoana.

Na wajua kwamba saa zake za kula zinapangwa na mwezi? Maji hukupwa takriban dakika 50 baadaye kila siku kuliko jana yake, kwa hiyo naye hutoka kwa kuyafuata. Yakijaa anapanda juu, yakitoka anashuka. Mabaharia wetu wanaijua hesabu hiyo kwa kufundishwa na wazee wao, na mjusi huyu anaijua bila kufundishwa na mtu.

Haya, mtazame machoni. Umewahi kumwona akipepesa? Hutamwona maisha yako yote! Ukope wake umeungana ukawa ngozi angavu inayofunika jicho muda wote, usingizini na macho. Mchanga uruke, povu liruke, yeye anaona tu.

Jike hutaga yai moja au mawili kwa mara moja, basi. Uzazi mdogo namna hiyo, na bado spishi hii imeenea kutoka Somalia hadi Afrika Kusini! Huko kusini kabisa ameshika mwamba mmoja mdogo wa pwani ya KwaZulu-Natal uitwao Black Rock, na amekuwa akiishi hapo mbali sana na wenzake wa Msumbiji.

Sasa shika hii, kwa sababu mimi kila nikiifikiria nafurahi upya. Ndugu za mjusi huyu, spishi zaidi ya 50, wako Madagaska, Komoro, Morisi, Indonesia, Australia, hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki. Wataalamu walipolinganisha vinasaba, waliona kwamba wa upande wetu asili yao ni huko mashariki ya mbali. Walivukaje? Juu ya magogo na mizizi iliyong'olewa na tufani, wakaelea na mikondo ya Bahari ya Hindi, vizazi na vizazi kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga!

Unadhani ni hadithi? Oktoba 1995, baada ya vimbunga viwili vya Karibiani, rundo la miti lilitupwa na mawimbi kwenye kisiwa cha Anguilla likiwa na abiria. Mijusi wakubwa wa kijani aina ya iguana, si chini ya 15, waliteremka ufuoni wakiwa hai, na kisiwa hicho hakikuwa na spishi hiyo hapo awali. Watu waliona kwa macho yao.

Mjusi wetu wa mwambani alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1918 na Mjerumani Richard Sternfeld. Sehemu ya pili ya jina hilo ni africanus. Msafiri wa bahari nzima, akaandikwa Mwafrika, na kwa haki kabisa.

Lakini sikia yaliyompata binamu yake. Kwenye Kisiwa cha Krismasi, kinachotawaliwa na Australia, kulikuwa na mjusi wa jamii hiyo hiyo mwenye mkia wa buluu inayowaka. Alikuwa tele, kisha ghafla akaanza kupotea. Mwaka 2009 na 2010 watunza hifadhi wakawakamata waliobaki, mijusi 66, wakawalea, na porini hakuonekana tena hata mmoja. Leo hao 66 wamezaa zaidi ya elfu, na tangu 2019 baadhi yao wameachiliwa kwenye visiwa vidogo vya Cocos. Mijusi 66! Hata safu moja ya waliokuja kuswali Ijumaa inaweza kuwapita kwa idadi.

Tuvuke hadi Meksiko, kwenye visiwa vikavu vya Ghuba ya California. Huko kuna mjusi mdogo ambaye pua yake imevimba daima. Ndani ya uvimbe huo mna tezi za kutoa chumvi, kwa sababu chakula chake ni wadudu wa ufuoni waliojaa chumvi ya bahari. Aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, juzi tu!

Na iguana wa baharini wa Galápagos je? Yeye hupiga chafya, na chafya yake ni chumvi tupu. Zaidi ya hapo, miaka ya njaa anaweza kufupika mwili kwa hadi asilimia 20, kisha chakula kikirudi akarefuka tena. Anafupika, nasema, mifupa na yote!

Haya, bahari tuiache nyuma. Toka jetini Mokowe, panda gari linaloelekea Hindi, pita Witu, endelea hadi Garsen na nyika inayokwenda kaskazini. Vichaka vya miiba, mchanga mwekundu, upepo mkavu. Unafikiri hakuna kitu huko?

Kwenye nyika za kaskazini na mashariki mwa Kenya anakimbia mjusi wa mchangani anayeitwa kwa jina la John Hanning Speke, yule yule Mwingereza aliyefika Ziwa Viktoria mwaka 1858. Mjusi huyo alipewa jina mwaka 1872. Ni mdogo, ana mistari mgongoni, na mchana wa jua kali, wakati ng'ombe wamelala chini ya mgunga, ndipo yeye anapoanza kazi.

Binamu yake wa jangwa la Kalahari ndiye kiboko. Mtoto wake anazaliwa mweusi mwenye mabaka meupe, na hutembea kwa miguu iliyokakamaa, mgongo umepinda juu. Kwa nini? Anamwiga mdudu mmoja mweusi anayerusha tindikali machoni! Wanyama wawindaji wanamwogopa mdudu, basi wanamwacha na mtoto wa mjusi apite zake. Akikua anavaa rangi ya mchanga na kutembea kawaida. Raymond Huey na Eric Pianka waliitangaza siri hiyo mwaka 1977.

Wajua kuna mjusi mwenye mlango? Yuko kwa jirani zetu, kaskazini mwa Somalia na huko Uhabeshi. Mwili wake mfupi na mnene unakaa kiganjani, na mkia wake ni bapa, wa mviringo, uliojaa miiba. Akiingia shimoni anauacha mkia nyuma, unaziba tundu, kwisha. Ukitaka kumtoa utachomwa kwanza.

Hapa kwetu kuna kinyonga mdogo wa vichaka vya pwani ambaye mkia wake ni kijikia tu, na rangi yake ni ya jani kavu. Ukimshika anatetemeka mwili mzima, na mkono wako unahisi mtetemo huo waziwazi. Jina lake linatukumbusha Otto Kersten, aliyepanda Kilimanjaro na Baron von der Decken mwaka 1862 hadi juu ya mita 4,000 na kurudi.

Usimdharau kinyonga mdogo, tafadhali. Kwenye milima ya Usambara, Tanzania, yuko mmoja wa sentimita chache tu, ambaye ulimi wake ungekuwa gari ungetoka kusimama hadi kasi ya kilomita 97 kwa saa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Vipimo hivyo vilitangazwa mwaka 2016. Wakubwa wote waliopimwa waliachwa nyuma!

Na Madagaska kuna mdogo kuliko wote. Dume lake, kutoka pua hadi mwisho wa kiwiliwili, ni milimita 13.5. Ongeza mkia, unapata 21.6. Dunia ilimjua mwaka 2021.

Yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu anayenyanyua kifua juu chini, juu ya ukuta, unamjua. Rangi hiyo ni ya bwana mwenye eneo. Madume wanaoishi chini yake hubaki na rangi ya udongo, na akishindwa vita rangi yake nayo hufifia.

Lakini je, wajua kwamba jamii yake ndiyo iliyofumbua fumbo kubwa la watambaazi? Mwaka 1966, huko Dakar, Senegali, mtafiti M. Charnier aliweka mayai ya mjusi wa jamii hiyo kwenye joto mbalimbali. Yaliyokaa kwenye joto la chini yakatoa karibu majike matupu, na yale ya nyuzi 29 yakatoa madume! Joto la mchanga ndilo lililochagua. Baadaye ikajulikana kwamba kasa na mamba nao hufuata kanuni ya joto, ingawa kila mmoja kwa mpango wake, na wa kwanza kulionyesha jambo hili alikuwa mtafiti huyo, Afrika, kwa mjusi wa ukutani.

Tena si hilo tu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walimpiga picha mjusi wa jamii hiyo hiyo akiruka kutoka mahali panapoteleza. Wakaona kila anapoteleza ananyanyua mkia, na mkia unauzuia mwili usipinduke. Mwaka 2012 wakaonyesha roboti yenye magurudumu na mkia. Mwalimu wa roboti ni mjusi!

Umewahi kumwangalia utosini? Mijusi wengi wa mchana wana jicho la tatu hapo juu, dogo, limefunikwa na gamba. Halioni sura yako. Linapima mwanga, na kumsaidia kujua jua la leo limetosha au bado.

Duniani kuna spishi zaidi ya 7,000 za mijusi, na Kenya peke yake ina zaidi ya 100. Kwa uzito ule ule, mjusi hutumia takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu anazotumia panya au ndege. Ndiyo maana nyika iliyomshinda mbuzi yeye inamtosha na kubaki.

Maji nayo hayapotezi. Kile kidoa cheupe kwenye ncha ya kinyesi chake pale ukutani, unajua ni nini? Ni mkojo! Ameukausha mpaka ukawa unga, maji akayarudisha mwilini.

Tukiwa ukutani, tumtazame mjusi kafiri, yule anayengoja nondo karibu na taa. Ni Mwafrika halisi, lakini jina lake la kisayansi alipewa mwaka 1818 kutokana na waliopatikana visiwa vya Karibiani! Alikuwa ameshafika ng'ambo ya Atlantiki na kuzaana huko kabla wataalamu hawajamwandika kwao. Sumu hana, usimwonee.

Anashikaje dari? Hatumii gundi wala vikombe vya kunyonya. Nduguye mkubwa wa Asia, tokay, ana vinywele kama 500,000 kwenye unyayo mmoja, na kila kinywele kimechanika nchani mara mamia. Vijincha hivyo vinalikaribia dari mno mpaka chembe za unyayo na chembe za dari zinavutana zenyewe. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake walifaulu kupima nguvu ya kinywele kimoja. Na wajua? Hata akifa, unyayo bado unashika vile vile.

Na usiku taa zikizimwa, sisi tunaona weusi na kijivu tu. Mjusi mmoja wa jangwa la pwani ya Moroko na Mauritania, anayeishi baina ya mchanga na bahari, anaona rangi kwenye mwanga wa mwezi! Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walikadiria kwamba macho yake yanahisi rangi gizani mara 350 zaidi kuliko yetu. Mwezi ukiwaka, bustani yake ina rangi zote.

Mkia wa mjusi ukikatika hucheza, hilo kila mtoto wa Mokowe anajua. Lakini unajua hucheza kwa muda gani? Kwa yule mjusi chui wa nchi kavu za Afghanistan na Pakistan, hadi nusu saa, na hupiga miruko ya sentimita 3 kwenda juu, hubadilisha mwelekeo, hupumzika, hurudia. Hauna kichwa wala macho! Adui anapigana na mkia, mwenyewe yuko mbali.

Kwenye nyika kavu za Kenya, kutoka mpaka wa Somalia hadi umasaini, yuko ndugu mwingine wa mjusi kafiri ambaye hawezi kupanda ukuta hata kidogo. Nyayo zake hazina vinywele, ana kucha tu. Badala yake ana kitu ambacho mjusi kafiri hana: kope za kufumba na kufumbua. Hutembea usiku, polepole, hana haraka na mtu.

Jamaa zetu walioko Maskati wanamjua dhab, mjusi mnene wa jangwani anayekula majani. Ukiona weupe umeganda puani mwake usidhani ni vumbi. Ni chumvi, anaitoa kwa tezi za puani ili asipoteze maji kwenye mkojo. Yuko mmoja wa Oman mwenye mkia mfupi wa duara wenye miiba, aliyeitwa kwa jina la Bertram Thomas, waziri wa Sultani wa Maskati. Ni Thomas huyo aliyeivuka Rub al-Khali kwa ngamia mwaka 1930 hadi 1931, Mzungu wa kwanza kufanya hivyo.

Kwenye vilima vya mchanga vya huko huko Uarabuni kuna kijusi kinachozama palepale kiliposimama. Hakichimbi! Kinautikisa mwili upande huu na upande ule kwa kasi, mchanga unafunguka, kimeshapotea. Kabla hakijazama, hupeana salamu na wenzake kwa kukunja na kukunjua mkia.

Mwingine anaogelea mchangani hasa. Mwaka 2009 Daniel Goldman na wenzake, huko Georgia, Marekani, walimpiga picha za eksirei akiwa chini ya mchanga. Wakakuta miguu ameibana ubavuni na mwili wote unapiga mawimbi, akienda hadi sentimita 10 kwa sekunde. Anapumua hewa iliyo katikati ya chembe za mchanga, na mchanga hauingii mapafuni!

Twende Namib. Huko kuna mjusi anayecheza ngoma mchana: ananyanyua mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto, anashusha, anabadilisha. Anazipoza nyayo. Mchanga ukizidi kuwaka, anapiga mbizi ndani yake. Asubuhi ya ukungu anakunywa matone yaliyotua, na maji hayo anaweka akiba tumboni.

Jirani yake wa usiku ana ngozi inayopitisha mwanga na nyayo zenye utando wa kutembelea mchanga. Mwaka 2021 wataalamu wakagundua kwamba akimulikwa na taa ya buluu mistari ya ubavuni na kuzunguka macho inang'aa kijani kibichi. Na kwa kuwa hana ukope, jicho analisafisha kwa ulimi wake mwenyewe! Jaribu wewe.

Yule mjusi wa miiba wa Australia hunywa kwa miguu. Akisimama kwenye mchanga wenye unyevu, maji hupanda kwenye vijifereji vilivyo baina ya magamba, yakazunguka mwili, yakafika pembeni mwa mdomo, naye akameza. Chakula chake ni sisimizi, zaidi ya 1,000 kwa siku, mmoja mmoja.

Australia hiyo hiyo kuna mijusi wa jangwani wanaoishi kifamilia. Baba, mama na watoto wa mizao mbalimbali hukaa kwenye nyumba moja ya chini ya ardhi, yenye njia zinazofika mita 13, milango hadi 20, na choo cha pamoja kando. Nyumba moja inaweza kukaliwa miaka 7!

Na wa ndoa ya kudumu je? Profesa Michael Bull wa Chuo Kikuu cha Flinders aliwafuatilia mijusi wa nchi kavu za kusini mwa Australia kwa miongo kadhaa. Dume na jike hukaa mbali mbali sehemu kubwa ya mwaka, na msimu ukifika hutafutana tena, wale wale. Baadhi walirudiana kwa zaidi ya miaka 20. Ona mapenzi hayo!

Kinyume chake, kwenye majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani kuna mijusi wasio na dume hata mmoja. Majike hutaga, mayai huanguliwa majike, na hao nao hutaga. Pwani yetu ina mwenzao wa upande wa nyoka: kale kanyoka kipofu, kembamba, keusi, kanakokutwa kwenye vyungu vya maua na unaweza kudhani ni mnyoo. Wote ni majike.

Mjusi mwenye pembe wa Amerika akibanwa na mbwa-mwitu hurusha damu kutoka machoni, zaidi ya mita moja! Damu hiyo ina ladha mbaya, na mbwa huondoka akitema.

Huyu wa sasa si mdogo, lakini siwezi kumwacha. Kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Arizona, Dakta John Eng alipata kiini alichokitangaza mwaka 1992. Kikazaa dawa ya kisukari, eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mjusi huyo hula mara chache tu kwa mwaka, na siri ya sukari yake sasa inasaidia wagonjwa.

Umri nao una maajabu. Kwenye misitu mikavu ya kusini magharibi mwa Madagaska yuko kinyonga anayekaa ndani ya yai miezi 8 hadi 9. Akitoka, anaishi miezi 4 hadi 5 tu: anakua, anaoa, anataga, anakufa. Novemba wote wanaanguliwa pamoja, na kiangazi kikiingia karibu kizazi kizima kimo mayaini, wakubwa wameshakufa!

Ya mwisho nimekuwekea makusudi. Aprili 2013, Urusi ilirusha chombo cha Bion-M1 angani kikiwa na mijusi 15 wenye vidole vinene, spishi ya nchi kavu za Afrika Mashariki na Kusini. Wakakaa huko siku 30. Panya wengi waliokuwa nao walikufa, mijusi wote 15 wakarudi salama. Kila mmoja alivishwa kola ya kumtambulisha, na mmoja akaivua. Kola ikaelea. Kamera ikawanasa mijusi wakiisogelea, wakiisukuma kwa pua, wakiingiza kichwa na kutoa, tena na tena. Watafiti walipoitazama video hiyo duniani, waliandika waziwazi kwenye ripoti yao: mijusi walikuwa wanacheza!